Kwa nini Linux haipendi maneno mengi

Kama una kompyuta yenye Linux hapo ulipo, fungua terminali, andika herufi tatu, `tty`, kisha bonyeza Enter. Itakujibu kitu kama `/dev/pts/0`. Kama huna, usijali, endelea kusoma tu, maana jibu lenyewe si la muhimu sana. Cha muhimu ni swali. Hizo herufi tatu ni kifupi cha teletype, mashine ya kuandikia iliyotumia karatasi na wino, ambayo huenda hujawahi kuiona hata kwa picha. Yaani umeiuliza kompyuta yako ya leo: "Nimekaa kwenye mashine ipi ya taipu?" Nayo, bila kushangaa, imekutajia.

Makala haya ni ya kwako wewe unayeanza. Wengi wetu tuliingia Linux kwa njia moja: data za utafiti ziko kwenye seva, seva haina kipanya wala madirisha ya kubofya, na msimamizi anakwambia, "Ingia tu, ni amri chache." Unaingia, unakuta skrini nyeusi na kialama kinachopepesa. Unaambiwa andika `ls`, `cp`, `mv`, `rm`, `grep`. Si Kiswahili, si Kiingereza. Mbaya zaidi, ukiandika amri sahihi mara nyingi hupati jibu lolote. Hapo mtu anaanza kufikiri kwamba tatizo ni yeye, au ni Kiingereza chake.

Tatizo si wewe. Ufupi ule na ukimya ule una historia, na ukiijua, amri zinaacha kuwa mafumbo. Utajua pia kwa nini mojawapo inaweza kukutoa machozi.

Herufi kumi kwa sekunde

Tuanze na mashine yenyewe. Teletype Model 33 ilianza kuuzwa mwaka 1963. Ilikuwa na kibodi, utepe wa wino na rola ya karatasi. Ulichoandika kilichapwa kwenye karatasi, na kompyuta ikijibu, jibu lilichapwa chini yake, hapo hapo. Skrini haikuwepo. Vitufe vyake vilikuwa vigumu, vilitaka kubonyezwa kwa nguvu, na mashine ilipiga kelele muda wote ikifanya kazi.

Kasi yake ilikuwa herufi 10 kwa sekunde. Hebu tupige hesabu. Sentensi "Faili limenakiliwa kikamilifu." ina herufi 30 ukihesabu nafasi na nukta. Kuisoma inachukua kufumba na kufumbua. Kuichapa kwenye Model 33 ilichukua sekunde 3, na hapo umekaa unasubiri imalize. Terminali ya kawaida ya mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja, ikijaa, ina herufi 1,920. Hiyo ni zaidi ya dakika 3 za kelele, na kipande kizuri cha karatasi.

Sasa jiweke kwenye kiti hicho. Ungependa amri ya kunakili faili iitwe copy au `cp`? Ungependa ikupongeze kila ilipomaliza kazi?

Kiangazi cha 1969

Waliokuwa kwenye kiti hicho walikuwa watafiti wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, huko Murray Hill, New Jersey. Kwa miaka kadhaa maabara hiyo ilikuwa imeshirikiana na chuo cha MIT na kampuni ya General Electric kutengeneza mfumo mkubwa wa kompyuta ulioitwa Multics. Mradi ulikuwa na ndoto nyingi na ulichelewa. Mwaka 1969 Bell Labs ikajitoa.

Miongoni mwa walioachwa bila mfumo mzuri wa kufanyia kazi walikuwepo Ken Thompson na Dennis Ritchie. Thompson alikuwa ameandika mchezo wa kusafiri angani, Space Travel, na kila alipoucheza kwenye mashine kubwa ya maabara, muda wa kompyuta uliotumika uligharimu kama dola 75. Akatafuta mashine ya bei nafuu, akaikuta PDP-7, ndogo, ya zamani kidogo, isiyogombewa na watu. Akauhamishia mchezo huko.

Kiangazi cha mwaka huo mke wake alisafiri na mtoto wao mchanga kwenda California kutembelea familia. Thompson alipata karibu mwezi mmoja wa nyumba tupu. Mwenyewe amesimulia alivyougawa: wiki moja kwa kiini cha mfumo, wiki moja kwa sheli, yaani programu inayopokea amri unazoandika, wiki moja kwa kihariri cha maandishi, na wiki moja kwa programu ya kutafsiri lugha ya mashine. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa Unix.

Baadaye walipata kompyuta mpya zaidi, PDP-11, kwa ahadi kwamba wangetengeneza mfumo wa kuchapia maandishi. Wateja wao wa kwanza walikuwa idara ya hataza, watu wa kuandika maombi ya kulinda ugunduzi wa kampuni. Usifikirie mashine kubwa. PDP-11 ile ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 24. Kilobaiti 16 zilichukuliwa na mfumo wenyewe, zikabaki 8 za programu za watumiaji. Diski ilikuwa na kilobaiti 512. Picha moja uliyotumiwa WhatsApp asubuhi ya leo haingeenea kwenye kumbukumbu hiyo.

Kitabu cha kwanza cha maelekezo ya Unix kina tarehe 3 Novemba 1971. Kitazame kwa makini, maana hapa ndipo utakaposhtuka. Ndani yake kuna `ls` ya kuorodhesha mafaili, kutoka neno la Kiingereza list. Kuna `cp` ya kunakili, `mv` ya kuhamisha au kubadilisha jina, `rm` ya kufuta, `mkdir` ya kutengeneza folda, na `cat` ya kuunganisha mafaili na kuyaonyesha. Kuna `date`, `who`, `wc`, `find`, `chmod`, `du`, `df`, `su`. Na `tty` nayo imo. Unaweza kuziandika zote leo usiku kwenye laptopu yako na zitafanya kazi. Amri ya kuhamia folda nyingine iliitwa `chdir`, lakini hata hiyo baadaye ilionekana ndefu, ikakatwa ikawa `cd`.

Ufupisho huo ulifika mahali pa kuchekesha. Kuna wito mmoja ndani ya mfumo wa kutengeneza faili jipya, unaitwa `creat`, umekatwa herufi ya mwisho. Thompson alipoulizwa miaka ya baadaye angebadilisha nini kama angeianza Unix upya, alijibu kwamba angemalizia `creat` kwa herufi e.

Kwa hiyo unapoona `ls` au `mv` na kujiona mgeni, kumbuka kwamba hata aliyezaliwa London anaziona ngeni mara ya kwanza. Ni vifupisho vya watu waliochoshwa na vitufe vigumu. Mnaanzia mstari mmoja.

Kukaa kimya ni sehemu ya kazi

Ufupi tumeuelewa. Ukimya je? Ukiandika `cp ripoti.txt nakala.txt` na kubonyeza Enter, hakuna kinachotokea machoni. Kialama kinarudi, basi. Mgeni hudhani imeshindikana, anarudia mara tatu.

Sababu ya kwanza unaijua tayari: karatasi na muda. Sababu ya pili ni ya kina zaidi, nayo ilikuja kupitia Doug McIlroy, aliyekuwa mkuu wa Thompson na Ritchie. Oktoba 1964, kabla Unix haijakuwepo hata kwa jina, McIlroy aliandika waraka mfupi wa ndani akisema programu zingepaswa kuunganishwa kama mipira ya kumwagilia bustani: ukitaka kuifanyia data jambo jingine, unaunga kipande kingine mbele. Alilisema wazo hilo kwa miaka. Hatimaye mwaka 1973 Thompson alikaa usiku mmoja akalitia ndani ya Unix. Alama iliyokuja kutumika ni ule mstari wa wima, `|`, ambao kabla ya hapo labda ulikuwa unajiuliza upo kwenye kibodi kwa kazi gani.

Tuufanyie mfano. Una faili `mikoa.txt`, kila mstari una jina la mkoa aliotoka mwanafunzi mmoja. Unataka kujua mikoa mitano iliyotoa wanafunzi wengi zaidi. Andika:

`sort mikoa.txt | uniq -c | sort -nr | head -5`

Soma kutoka kushoto. `sort` inapanga mistari kwa alfabeti ili inayofanana ikae jirani. `uniq -c` inaikusanya iliyofanana na kuandika idadi mbele yake. `sort -nr` inapanga tena, safari hii kwa namba, kubwa kwanza. `head -5` inachukua mitano ya juu. Hakuna hata programu moja kati ya hizo inayojua habari za mikoa. Kila moja inajua kazi moja ndogo, na bomba linapitisha matokeo ya hii kwenda kwa ile.

Sasa fikiria `sort` ingekuwa na adabu za mapokezi: "Karibu! Naanza kupanga faili lako. Tafadhali subiri." Sentensi hiyo nayo ingeingia kwenye bomba. `uniq` ingeihesabu kama mkoa. Ungepata mkoa mpya wa Tanzania unaoitwa "Tafadhali subiri", wenye mwanafunzi mmoja.

Hapo ndipo ukimya unapoeleweka. Programu ya Unix haijui kama inamwandikia binadamu au inaiandikia programu nyingine, kwa hiyo inatoa kilichoombwa tu. Malalamiko yakiwepo, yalikuja kuwekewa njia yake tofauti ili yasichanganyike na data. Ndiyo maana ukipata kimya, ujue mambo yamekwenda sawa. Ukipata maneno, yasome vizuri, maana kuna kitu.

Amri iliyotoka tumboni mwa nyingine

Jina linalosumbua wengi ni `grep`, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili. Halifanani na neno lolote. Lilitoka kwenye `ed`, kihariri kile cha Thompson. Ndani ya `ed`, ukitaka kuchapa kila mstari wenye neno fulani, uliandika `g/re/p`: g ya "kila mahali", re ya ruwaza unayotafuta, p ya "chapa".

Brian Kernighan, aliyekuwepo maabara hapo, amesimulia chanzo chake. Mwenzao Lee McMahon alitaka kuchunguza zile insha 85 za kisiasa za Marekani za 1787 na 1788, The Federalist, ambazo baadhi yake watu walibishana nani hasa aliziandika. Maandishi yalikuwa makubwa kuliko `ed` inavyoweza kubeba kwa kumbukumbu ile ndogo. Thompson akaichomoa sehemu ya kutafuta kutoka `ed`, akaifanya programu inayojitegemea, inayosoma mstari mmoja mmoja bila kulibeba faili zima. Jina akaliacha kama lilivyokuwa tumboni: grep.

Kwa hiyo leo ukiandika `grep Tanga mikoa.txt` unatumia chombo kilichotokana na shida ya mtu mmoja mwenye maswali ya fasihi na kompyuta ndogo. Na kwa kuwa kinasoma mstari kwa mstari, bado kinaweza kupitia faili kubwa kuliko kumbukumbu ya kompyuta yako. Wanaoshughulika na data za jeni au za hali ya hewa wanalijua hilo vizuri.

Majina yalibaki, msimbo ukaandikwa upya

Hadi hapa tumezungumzia Unix. Linux imeingiaje?

Mwaka 1956 AT&T ilikuwa imekubaliana na serikali ya Marekani kutojiingiza kwenye biashara zaidi ya mawasiliano. Haikuweza kuiuza Unix kama bidhaa ya kawaida, hivyo vyuo vikuu viliipata kwa bei nafuu, pamoja na msimbo wake. Kizazi kizima cha wanafunzi kilijifunza kwa kuusoma. Miaka ya 1980 mambo yakabadilika: AT&T ikavunjwa vipande mwaka 1984, Unix ikawa biashara, na leseni zikawa ghali.

Tarehe 27 Septemba 1983, Richard Stallman wa MIT alitangaza mradi wa GNU: kuandika upya mfumo mzima kama Unix, ambao kila mtu angekuwa huru kuutumia, kuusoma na kuubadilisha. Yeye na wenzake waliandika `ls` mpya, `cp` mpya, `rm` mpya, na sheli mpya iitwayo bash. Majina hawakuyagusa, kwa sababu vidole vya watu vilishayazoea. Walichokosa ni kiini cha kuendesha vyote hivyo.

Agosti 1991, mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anatengeneza mfumo kama jambo la kujifurahisha, na kwamba hautakuwa mkubwa. Kiini chake kilikutana na amri za GNU, na ndoa hiyo ndiyo tunayoiita Linux. Kiini hicho sasa kimo ndani ya kila simu ya Android. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 kwenye orodha ya zile zenye nguvu zaidi duniani zinaendesha Linux. Na moja ya matoleo yake maarufu kwa wanaoanza, lililoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, linaitwa Ubuntu. Jina hilo sisi hatuhitaji kutafsiriwa: ni ndugu wa neno letu "utu".

Sasa bili ya ukimya

Nimeusifu ukimya, lakini una bei yake, na bei hiyo inaitwa `rm`.

Kwenye Windows ukifuta faili linakwenda kwenye kapu la taka. `rm` haina kapu. Ukiandika `rm data.csv` faili limeondoka, na kwa kawaida hutaulizwa chochote, isipokuwa faili liwe limezuiwa kuandikwa. Ukiongeza `-r` inaingia kwenye folda na vyote vilivyomo. Ukiongeza `-f` inaacha hata kuuliza kule kuchache. Nyota, `*`, maana yake "kila kitu hapa". Kwa hiyo kuna tofauti kubwa sana kati ya `rm *.tmp` na `rm * .tmp`. Ya kwanza inafuta mafaili ya muda. Ya pili ina nafasi moja tu ya ziada, nayo inafuta kila faili kwenye folda hiyo, kisha inalalamika kwamba haioni faili linaloitwa `.tmp`.

Waliolipa bili hii kwa umaarufu zaidi ni Pixar. Mwaka 1998, wakitengeneza filamu ya katuni Toy Story 2, mtu mmoja aliendesha amri ya `rm` mahali pasipo pake kwenye mashine zilizohifadhi filamu. Wafanyakazi waliokuwa wakiangalia folda za mhusika Woody waliona mafaili yakipungua mbele ya macho yao. Wakapiga simu mashine izimwe hapo hapo. Walipoiwasha tena, karibu asilimia 90 ya filamu haikuwepo. Wakakimbilia nakala za akiba, wakagundua kwamba hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo kwa muda, na hakuna aliyekuwa ameshtuka. Zilikuwa nazo kimya.

Filamu iliokolewa na Galyn Susman, msimamizi wa kiufundi, ambaye alikuwa amejifungua karibuni na kufanyia kazi nyumbani, hivyo nyumbani kwake kulikuwa na kompyuta yenye nakala. Waliifuata kwa gari, wakaifunga mablanketi kwenye kiti cha nyuma, wakairudisha taratibu.

Wewe huenda huna filamu. Una data za tasnifu, miezi minane ya kwenda uwandani, na msimamizi anayesubiri. Kwa hiyo chukua mazoea haya manne:

Kwanza, kabla ya kufuta, andika `pwd`. Inakwambia uko folda gani.

Pili, palipo na nyota, anza na `ls`. Ukitaka `rm *.tmp`, andika kwanza `ls *.tmp`, uone ni yapi yataguswa. Kisha badilisha `ls` iwe `rm`.

Tatu, mwanzoni tumia `rm -i`, iwe inakuuliza kila faili. `cp` na `mv` nazo zina `-i`, maana zinaweza kuandika juu ya faili jingine lenye jina hilo bila kukwambia.

Nne, weka nakala kwenye kifaa kingine, kisha ujaribu kuifungua. Nakala ambayo hujawahi kuifungua usiihesabu.

Miaka imepita, karatasi imeondoka, na kompyuta yako inaweza kukuandikia mamilioni ya herufi kabla hujameza mate. Bado `rm` ina tabia ya mashine iliyochapa herufi 10 kwa sekunde, kwa sababu mabomba ya watu duniani kote yanategemea ikae kimya. Haitabadilika kwa ajili yetu, na waliowahi kuiandikia programu hawataki ibadilike. Kwa hiyo kuuliza "una uhakika?" kumebaki kazi yako.

Sasa rudi kwenye ile terminali uliyoifungua mwanzo. Andika `man rm`, usome ukurasa wa kwanza tu. Halafu, kabla hujafanya kingine, nakili folda yako ya utafiti kwenye flashi.